Daraja Dogo la Miti, na Kazi ya Kila Kijiti

Katika barua zilizotufikia imo moja ya mwalimu ambaye darasa lake limepata gari la moshi la mfano, lile dogo liendalo mezani juu ya reli nyembamba kwa nguvu ya umeme. Wanafunzi wake wamekwisha kutengeneza vilima kwa karatasi na gundi, na katikati ya vilima wameacha korongo. Sasa wataka kulivusha gari lao kwa daraja la miti, kama yale waliyoyaona katika picha za Marekani na Kanada. Atuuliza hivi: "Tufanye nini hata daraja letu lionekane kuwa la kweli?"

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Wengi hulijibu upesi kwa kutaja rangi: paka nyeusi hapa, paka kijivu pale, basi yatosha. Sisi hatujibu hivyo. Twasema kwamba daraja la mfano huonekana la kweli ikiwa kila kijiti chake kina kazi, na aliyekiweka aijua kazi hiyo. Rangi huja mwisho. Wazee walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na daraja ni vivyo hivyo.

Kwanza yatupasa kujua daraja lenyewe ni nini. Katika karne ya 19 reli zilipokuwa zikienea Amerika ya Kaskazini, wajenzi walifika kwenye makorongo mengi mahali ambapo chuma kilikuwa ghali na cha kuletwa kutoka mbali, lakini miti mirefu ilisimama tele kando ya njia. Basi wakaikata, wakaichonga, wakaiunga kuwa fremu, na fremu hizo wakazisimamisha moja baada ya moja kuvuka korongo, kama matendegu ya kitanda kirefu mno. Juu ya fremu wakalaza mihimili, na juu ya mihimili wakaweka mataruma na reli. Mengi ya madaraja hayo yalikuwa ya muda tu. Pengine, reli ikiisha kuimarika, mabehewa ya udongo yaliletwa juu ya daraja na kumwaga mzigo wake chini, siku baada ya siku, hata bonde likajaa na miti ikazikwa ndani ya tuta.

Pwani yetu nayo iliona kazi kama hiyo. Reli ilipoanza Mombasa mwaka 1896, daraja la kwanza la kuvuka mkono wa bahari wa Makupa lilikuwa la mbao, la muda, kabla ya daraja la chuma kujengwa. Tena katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, reli iliposhuka kutoka Mau kwenda Ziwa Victoria, kampuni ya American Bridge ya Marekani iliweka huko madaraja marefu 27 ya chuma. Chuma kilikuwa kimechukua mahali pa mti, lakini minara iliyobeba njia juu ya makorongo ilikuwa ndugu wa fremu zile zile.

Tutazame sasa fremu moja, kwa maana aijuaye moja azijua zote. Chini yake iko boriti iliyolala, nayo twaiita kizingiti. Hiyo hueneza mzigo juu ya msingi. Juu ya kizingiti zasimama nguzo, kwa kawaida nne au tano. Nguzo za katikati zasimama wima au karibu na wima, chini ya reli zenyewe, kwa kuwa hapo ndipo uzito ushukapo. Nguzo za nje zainama: vichwa vyake viko karibu na katikati, na miguu yake imetoka nje, kama mtu apanuaye miguu asisukumwe akaanguka. Kwa kila futi 1 ya kimo, nguzo ya nje husogea nje inchi 2½ au 3. Juu ya nguzo zote imelala boriti ya kichwa, yenye urefu wa futi 14 hivi, nayo hupokea mihimili. Halafu, juu ya uso wa fremu, mbao mbili zapita kimshazari kutoka pembe hadi pembe.

Mbao hizo za mshazari ndizo zinazokosewa kuliko zote. Mtu huziona katika picha zimefanya msalaba, naye hudhani kwamba zimekutana katikati na kukatwa ili ziingiane. Sivyo. Mmoja umepigiliwa usoni mwa fremu, na mwingine mgongoni, na nguzo ziko kati yao. Kila mmoja ni ubao mzima usiokatwa. Mjenzi hakutaka kuudhoofisha ubao kwa kuuchonga tundu katikati, na hakuwa na haja ya kufanya hivyo, kwa maana pande zote mbili za nguzo zilikuwa wazi mbele yake.

Kwa nini mshazari? Hapa, mwalimu, unaweza kufanya somo zuri kwa vijiti vinne na pini nne. Viunge vijiti vinne viwe mraba, kila pembe kwa pini moja, kisha mpe mtoto ausukume ubavuni. Mraba utalala kama mlevi, ingawa hakuna kijiti kilichovunjika wala pini iliyotoka. Sasa ongeza kijiti cha tano kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala. Mtoto na asukume tena: umbo limekaza, halisogei. Kwa kuwa mraba waweza kubadili pembe zake bila kubadili urefu wa pande zake, lakini pembetatu haiwezi. Hiyo ndiyo siri ya daraja la miti, na ndiyo siri ya kenchi za paa lililo juu ya vichwa vya darasa lako.

Twataka sasa kutoa mfano mmoja wa kale, upate kuonyesha jambo hili lilivyo na nguvu. Mwezi wa Mei, mwaka 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani, mhandisi Herman Haupt aliagizwa kujenga upya daraja la reli lililoharibiwa juu ya kijito cha Potomac Creek, katika jimbo la Virginia. Urefu wake ulikuwa karibu futi 400, na kimo chake kati ya futi 80 na 100. Wafanya kazi wake walikuwa askari, wengi wao wasiojua useremala. Miti ilikatwa katika misitu ya karibu, nayo ikatumiwa mibichi na ya mviringo, bila kupigwa randa. Waliweka msingi wa magogo yaliyopangwa, na juu yake ghorofa tatu za fremu. Katika siku 9 hivi za kazi daraja lilisimama, na magari ya moshi yakapita. Rais Abraham Lincoln alikwenda kulitazama, na inasimuliwa kwamba alirudi akistaajabu, akiwaambia watu kuwa hakuona ndani yake kitu ila vijiti vya kuegemeza maharagwe na mabua ya mahindi.

Basi fikirini. Miti ile haikupendeza macho. Haikuchongwa vizuri, wala haikupakwa kitu. Lakini kila gogo lilikuwa mahali pake, mzigo ukashuka kutoka reli hata udongo bila kukosa njia. Kwa sababu hiyo lilibeba.

Sasa twafika penye jambo tulitakalo hasa kulisema, nalo ni onyo. Daraja la mfano laweza kusimama hali ni la uongo. Daraja kubwa likijengwa vibaya, litaanguka, na kuanguka kwake kutamfundisha mjenzi. Daraja dogo halimfundishi hivyo. Sababu yake ni hesabu. Tuseme mfano wenu ni wa kipimo cha 1 kwa 87, ambacho hutumiwa sana na wapenzi wa kazi hii. Urefu umepungua mara 87, upana mara 87, na kimo mara 87. Kwa hiyo uzito umepungua mara 87 kwa 87 kwa 87, yaani zaidi ya mara 650,000. Lakini nguvu ya nguzo ya kubeba hutegemea eneo la mkato wake, nalo limepungua mara 87 kwa 87 tu, yaani zaidi kidogo ya mara 7,500. Utaona kwamba kijiti cha mfano kimepata nafuu ya mara 87 kuliko ndugu yake mkubwa. Ongeza na gundi, ambayo hushika kila kiungo kama chuma. Basi mtoto aweza kuweka vijiti ovyo, vingine vikining'inia bila kugusa kitu, na gari likapita juu salama, naye akadhani amejenga vema kwa kuwa halikuanguka.

Ndiyo sababu twasema: msijipime kwa kusimama kwake tu. Jipimeni kwa swali. Weka kidole juu ya kijiti chochote, umwulize aliyekiweka: "Hiki chafanya nini?" Akijibu, "Chachukua uzito kutoka hapa hadi hapa," au, "Chazuia fremu isilale upande ule," na kibaki. Akijibu, "Nimekiona katika picha," basi arudi kwenye picha atazame mwisho wake unagusa nini. Akijibu, "Kinapendeza tu," na kiondolewe. Jicho la mtazamaji, hata asiyejua lolote la uhandisi, hutambua kijiti kisicho na kazi. Hawezi kusema ni kwa nini, lakini husema, "Hiki ni kitu cha kuchezea."

Haya, tuingie kazini. Vipimo tutakavyovitaja ni vya kipimo hicho cha 1 kwa 87, ambamo futi 1 ya kweli ni milimita 3½.

Kwanza ni mti wenyewe. Tafuteni mti wenye nyuzi laini na zilizonyoka, kwa maana nyuzi nene katika kijiti chembamba huonekana kama mitaro. Vipande vya msonobari vilivyobaki kwa fundi seremala vyafaa, ikiwa mtachagua vile visivyo na vifundo. Mti wa balsa ni mwepesi kukata, lakini ni laini mno, kingo zake hufanya manyoya. Mwombeni fundi apasue vijiti vya mraba vya milimita 3½ kwa nguzo, vizingiti na boriti za vichwa, maana nguzo za kweli nyingi zilikuwa za inchi 12 kwa 12. Kwa mbao za mshazari pasueni vipande vya unene wa milimita 1 na upana wa milimita 3. Kwa mihimili, unene wa milimita 2⅓ na kimo cha milimita 4⅔. Kwa mataruma, mraba wa milimita 2⅓, urefu milimita 35.

Pili ni rangi, nasi tumesema kwamba rangi huja mwisho. Ni kweli kwa fikira, lakini kwa mikono yaja mapema, na sababu yake ni hii: gundi ikiisha kugusa mti, mti hauinywi rangi tena, hubaki na doa jeupe. Kwa hiyo vitieni vijiti rangi kabla ya kuviunga. Matone machache ya wino mweusi katika spiriti yatatoa kijivu cha mti uliokaa juani. Spiriti ni bora kuliko maji, kwa kuwa maji huvipinda vijiti vyembamba. Mtu mzima na aishike yeye, mbali na moto. Madaraja ya kweli mengi yalitiwa kreosoti, dawa nyeusi itokanayo na lami ya makaa ya mawe, ili mti usioze wala usiliwe na wadudu. Hayo yalikuwa meusi yenye hudhurungi yalipokuwa mapya, kisha yakapauka kwa miaka. Vijiti vyote visiwe na rangi moja. Mbao hubadilishwa moja moja zinapoharibika, na daraja la kale lina mbao za umri mbalimbali.

Tatu ni kalibu. Choreni fremu iliyo ndefu kuliko zote juu ya karatasi, kwa ukubwa wake kamili. Tuseme kimo chake ni milimita 80: nguzo ya nje itoke milimita 20 nje kuliko kichwa chake. Bandikeni mchoro juu ya ubao, mfunike kwa karatasi iliyopakwa nta ili gundi isishike, na mpigilie vibao vidogo kando ya mistari vipate kushika vijiti mahali pake. Katika kalibu hii mtaunga fremu zote. Ninyi mtauliza, na zile fupi za kandokando ya korongo je? Hapa pana jambo la kupendeza. Kwa kuwa mwinamo wa nguzo ni mmoja katika daraja zima, fremu fupi ni fremu ndefu iliyokatwa miguu. Ungeni nguzo zote kwa boriti ya kichwa kwa mfano mmoja, kisha kateni chini kwa kimo kitakiwacho, ndipo mtie kizingiti na mbao za mshazari. Wajenzi wa kweli walifuata hesabu hiyo hiyo, ndiyo maana daraja lao likitazamwa kutoka upande mmoja wa korongo, nguzo zake zote zaonekana zimepangwa katika mteremko mmoja.

Nne ni mihimili. Umbali kati ya fremu na fremu ulikuwa futi 15 hivi. Kwenu ni milimita 52½. Chini ya kila reli lazeni mihimili mitatu ubavu kwa ubavu. Kila mhimili uwe na urefu wa milimita 105, uvuke nafasi mbili, na viungo visikutane vyote juu ya fremu moja: mmoja uungwe juu ya fremu hii, wa pili juu ya fremu ifuatayo. Hivyo hakuna mahali ambapo njia yote imekatika. Ikiwa reli yenu yapinda, msiipinde mihimili. Boriti nene haikupindwa kamwe. Ilinyoka kutoka fremu hadi fremu, na mataruma yaliyo juu yake ndiyo yaliyofuata mviringo wa reli. Hilo nalo hukosewa sana, na kulikosa ni kujulisha kwamba mjenzi hakufikiri juu ya uzito wa mti.

Tano ni kuyaunga pamoja, nasi twawashauri mjenge daraja kichwa chini. Pangeni mataruma mezani kwa mstari, karibu karibu, yakiacha nafasi ndogo tu kati yao, kwa kuwa juu ya daraja hakuna kokoto za kuyashika, na mwanga hupita katikati yake. Gundisheni mihimili juu ya mataruma, kisha fremu juu ya mihimili, miguu ikitazama dari. Pimeni kila fremu kwa gonia isimame sawasawa. Gundi ikikauka, ligeuzeni, mlishushe korongoni, na reli zikutane na reli za pande mbili. Hapo ndipo mwinue ardhi ya mfano hata iguse vizingiti. Mkifanya kinyume chake, yaani mkianza na ardhi na kupanda juu, kosa la nusu milimita chini litakuwa kigongo katika njia, na magurudumu yatatoka.

Sita, msisahau mbao zinazokwenda kwa urefu wa daraja, zikishikanisha fremu na fremu. Fremu yaweza kuwa imara ubavuni, lakini ikaanguka mbele kama karata zilizosimamishwa, injini ikifunga breki juu yake. Mbao hizi ndizo zizuiazo hilo, na katika baadhi ya nafasi wekeni mshazari wa urefu pia, pembetatu ile ile tuliyoifundisha kwa pini. Mwisho, pande mbili za mataruma, nje ya reli, lazeni ubao mrefu wa kuyashika yasisogee.

Kazi ikiisha, ijaribuni kwa njia tatu, kabla ya gari lolote kupita. Wekeni juu yake mzigo wa kilo 2, kama pakiti mbili za sukari, mtazame kwa ubavu kama mihimili yazama. Uondoeni, sukumeni kwa kidole kutoka upande. Kisha sukumeni kwa urefu, mahali pa breki. Uzito hushuka chini, upepo huja ubavuni, na gari husukuma mbele. Na kwa kila moja ya nguvu hizi tatu kuna miti iliyowekwa kuikabili. Mtoto aziweke hizo nguvu tatu moyoni, naye akiulizwa juu ya kijiti chochote, atajua pa kutafuta jibu.

Kuna kitu kimoja zaidi twapenda mkiweke: pipa dogo la maji juu ya jukwaa kandoni mwa njia. Si pambo. Injini za makaa na kuni zilidondosha cheche, na daraja la miti lilikuwa kuni zilizopangwa tayari. Moto ndio uliokuwa adui wake mkuu pamoja na kuoza, na hata baada ya injini hizo kuondoka hatari haikwisha. Katika bonde la Myra, jimbo la British Columbia huko Kanada, yalikuwapo madaraja 18 ya reli ya zamani ya Kettle Valley, 16 kati yao ya miti. Mwaka 2003 moto wa msitu uliteketeza 12 ya miti. Watu wa huko hawakukubali yapotee. Yalijengwa upya, na kazi ikakamilika mwaka 2008, kwa ajili ya wapitao kwa miguu na baiskeli. Katika jimbo hilo hilo, kwenye kisiwa cha Vancouver, liko daraja la Kinsol, lenye kimo cha mita 44 na urefu wa mita 188. Lilimalizika mwaka 1920, gari la mwisho likapita mwaka 1979, kisha likaachwa mvuani miaka mingi. Walikuwapo waliotaka libomolewe. Lakini wataalamu walikagua mti kwa mti, iliyooza ikabadilishwa, iliyo mizima ikabaki, na mwaka 2011 watu wakaanza kulivuka.

Angalieni kazi ya wakaguzi wale. Walisimama mbele ya kila boriti wakiuliza kama ingali yafanya kazi yake. Ni swali lile lile tulilowapa watoto wenu. Wangalitazama rangi tu, ama wangalibomoa daraja zima bila sababu, ama wangaliwapitisha watu juu ya mti uliooza.

Wako watu wasemao kwamba kazi kama hii ni mchezo, na mwalimu apoteza saa za darasa. Twawajibu kwa upole. Katika vijiji vyetu viko vivuko vya miti juu ya mito ambavyo watoto hupita asubuhi na jioni. Yako mapaa ya madarasa ambayo mbao zake za mshazari ziliachwa kwa kubana fedha, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu dari lilifunika na ukuta ulipakwa chokaa. Siku ya upepo mkubwa ndipo iulizwapo. Mtoto aliyezoea kuweka kidole juu ya kijiti na kusema, "Hiki chafanya nini?" atainua macho siku moja akiwa mtu mzima, mbele ya fundi au mbele ya kamati, aulize swali hilo juu ya boriti ya kweli, kabla upepo haujafika.

Basi, ndugu mwalimu, anza na vijiti vinne na pini nne. Usiwapatie watoto gundi hata kila mmoja awe ameuona mraba ukilala na pembetatu ikikaza. Kisha mjenge polepole, fremu moja kwa juma ikiwa ndiyo nafasi mliyo nayo. Likimalizika, mwite jirani asiyejua chochote cha reli, aweke kidole popote apendapo, na watoto wamjibu. Wakiweza kumjibu mpaka kijiti cha mwisho, daraja lenu ni la kweli, hata kama rangi yake imepungua kidogo.